Ng'ombe Aliyefika Ndosho

Nakumbuka siku moja, mnamo saa nne asubuhi, ng'ombe aliingia kwenye kiwanja changu cha Ndosho, mjini Goma, akasimama juu ya mawe meusi na kunitazama. Nilikuwa nimemngoja miaka minne. Mke wangu alisimama mlangoni, majirani walijaa kwenye uzio wa mbao, na mimi sikujua kama nicheke au nilie.

Mwanangu, nakueleza habari ya siku hiyo kwa sababu wiki iliyopita ulikuja kwangu ukakaa saa nzima ukizungusha kikombe cha chai mkononi. Ulipofungua mdomo ulisema ofisi uliyoitumikia miaka kumi na minane imefunga, kwamba hujui kazi nyingine, na kwamba utangoja mpaka wafungue tena. Una miaka arobaini na mitatu, mvi zimeanza, wala si mimi niliyekuzaa, na bado nakuita mwanangu. Vumilia. Mimi ujana wangu naufikisha kwenye miaka hamsini na tano, maana ndipo niliacha kufanya upumbavu mkubwa. Nilinyamaza siku ile ukadhani nimechoka. Sikuchoka. Nilisikia maneno yangu ya zamani yakitoka kinywani mwako, na yalinitisha.

Kule milimani Masisi nilikuwa fundi wa fromaji, jibini la maziwa ya ng'ombe. Maziwa niliyajua kwa pua. Ungenifungulia bidoni, lile kopo la maziwa, ningekuambia kama limeoshwa vizuri, kama maziwa yamepigwa na jua njiani, kama ng'ombe amekula majani ya bondeni au ya juu. Ng'ombe wangu wote nilikuwa nimewapa majina, na baadhi walikuwa na tabia nzuri kuliko ndugu zangu. Kisha vita vikafika kilimani kwetu, tukashuka Goma na nguo tulizovaa, sufuria mbili na Biblia ya mama. Nilikuwa na miaka hamsini na moja.

Mjini mtu akikutana nawe anakuuliza unafanya kazi gani. Nilijibu mfugaji. Wakaniuliza ng'ombe wako wapi, nikasema wako njiani. Usidhani nilikuwa nadanganya, niliamini kabisa.

Wewe umezaliwa mjini, huenda hukuliona jambo hili. Kwetu, mtu mwenye ng'ombe humgawia rafiki au jirani ndama jike, na huo unakuwa udugu. Siku mgawaji akipoteza ng'ombe wake, kwa ugonjwa au kwa vita, wale aliowagawia humletea ng'ombe aanze tena. Tunaita gushumbusha. Baba yangu aligawia watu wengi, na mimi niligawia watatu. Kwa hiyo nilipofika Goma mikono mitupu nilijiambia, kaa utulie, watakuja.

Kazi yangu ikawa kutembelea watu. Nilivaa koti, nikachukua fimbo, nikaenda Kibati, Rutshuru, Kiwanja. Huwezi kumwambia mtu akuletee ng'ombe, hiyo ni aibu. Unakaa, unakunywa chai ya maziwa, unauliza habari za watoto, unamsifia ng'ombe wake kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida, kisha unaaga. Nilirudi nyumbani nimechoka kama mtu aliyelima. Mama Esperance, mke wangu, alikuwa anarudi kutoka soko la Birere alikokuwa akiuza unga tangu alfajiri, ananiuliza habari za safari, nami namsimulia habari za ng'ombe wa watu wengine. Yeye ndiye aliyetulisha miaka yote ile. Naona haya kulisema hata leo, lakini nalisema.

Sasa sikiliza jambo linaloniuma zaidi. Nilikuwa na mpwa, Solange, mtoto wa dada yangu, aliyekuwa amefungua chumba cha kutengeneza fromaji na yogati mtaani Katindo. Maziwa yalimfikia kwa pikipiki, bidoni ishirini kutoka kwa watu ishirini. Mwaka wa nne akanijia nyumbani.

"Muyomba, fromaji yangu inavimba, batu banairudisha," aliniambia. "Weye unajua ile kazi. Kuya tutumike pamoja."

Nikaenda kutazama. Nilipoinama tu juu ya bidoni la kwanza pua ikanijulisha ugonjwa uko wapi: mpira wa ndani ya kifuniko. Maziwa ya jana yalikuwa yamejificha pale chini, na hakuna aliyewahi kuung'oa aoshe. Lingekuwa jambo la kusema kwa sekunde mbili. Badala yake nilimuuliza yale maziwa ni ya ng'ombe gani.

"Ya ngombe mingi, muyomba. Inachanganyika."

"Mimi sipikake maziwa ya ngombe yenye sijue," nikamjibu.

Nikachukua fimbo yangu nikatoka. Mpira sikuutaja. Solange alinifuata mpaka barabarani, akasema atanisubiri mpaka mwisho wa mwezi, kisha itabidi atafute mtu mwingine, kwa sababu fromaji mbovu zitamfungia mlango. Nilimwambia mfugaji hawezi kuajiriwa na mtoto wa dada yake kupika maziwa ya kununua. Nilijiona mtu wa heshima sana kwa kusema vile.

Mwezi ulipokwisha, Jumatatu yake, ng'ombe akafika.

Aliyemleta ni Muzee Bizimana wa Kibati, mzee wa miaka themanini, ambaye baba yangu alimgawia ndama kabla sijaoa. Alitembea nyuma ya mkwewe aliyeshika kamba, akavua kofia, akasema maneno yote yanayotakiwa kusemwa siku kama ile, taratibu, bila kuruka hata moja. Ng'ombe alikuwa mzuri, mweusi, na ndama tumboni. Majirani walipiga makofi. Kwa muda wa saa moja hivi nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Ndosho.

Kisha ng'ombe akaanza kutafuta majani. Kiwanja chetu unakijua, ni mawe ya volkano kutoka uzio mpaka uzio. Alinusa jiwe hili, akanusa lile, akaenda pembeni akakuta shuka la Mama Esperance limeanikwa, akalitafuna. Hapo ndipo alipoinua kichwa akalia, ule mlio mrefu wa ng'ombe anayeita malisho. Nikamtazama Muzee Bizimana, naye ananitazama mimi.

"Baba yako alinipa ngombe, na mimi nakuletea ngombe," alisema. "Njo vile inafaa. Lakini mulima sina ya kukuletea."

Akaendelea kunywa chai yake.

"Miaka mine yote, ulikuwa nangoja nini, mutoto? Mimi nilitoka mu milima na miaka makumi sita na tano. Mama mumoja wa Kibati njo alinifundisha kulima viazi. Alinicheka mwezi muzima. Sasa nakula viazi."

Hakusema kwa ukali. Alimaliza chai, akanibariki, akaondoka na mkwewe. Nami nikabaki na ng'ombe.

Siku tatu zilizofuata sipendi kuzikumbuka. Nilizunguka na panga kando ya barabara ya lami nikikata majani yenye vumbi la malori, mtu mzima na koti lake, na watu waliokwenda kazini wakinisalimia. Mama Esperance aliokota maganda ya maharage na majani ya kabeji sokoni. Kichwani mwangu kulikuwa na fujo. Asubuhi nilipanga kurudi Masisi na ng'ombe mmoja, ingawa nilijua njia haipitiki. Mchana nilitaka kumuuza ninunue pikipiki, na pikipiki sijawahi hata kuiwasha. Jioni nilijiona mlinzi wa lango la mtu. Kila mpango ulidumu mpaka nilipofunga mganda mwingine wa majani, kisha ukanipotea. Nilikuwa nimepata kile nilichokingoja, mwanangu, na sikujua tena mimi ni nani. Nilipokuwa nakingoja angalau nilikuwa na jibu la kuwapa watu.

Siku ya tatu Mama Esperance aliweka chini kikapu cha maganda akakaa kando yangu. Yeye si mtu wa maneno mengi.

"Ulikuwa nangoja ngombe," aliniambia. "Ngombe iko hapa. Kesho batu bakikuuliza unafanya kazi gani, utasema nini?"

Sikulala vizuri. Kulipokucha nilimpeleka ng'ombe Kibati, nikamwomba Muzee Bizimana amtunze pamoja na wake, na kutoka hapo nikaenda moja kwa moja Katindo. Njiani nilitunga hotuba ndefu ya namna nitakavyokubali kuwa fundi mkuu.

Solange alinipokea vizuri, akanipa kiti. Kisha akaniambia mwezi uliisha na alikwisha kupata mtu. Alikuwa msichana wa Butembo, Kavira, aliyesoma kazi ya maziwa shuleni, mdogo kuliko mtoto wangu wa mwisho. Kazi ya fundi mkuu ilikuwa yake. Fromaji bado zilikuwa zinavimba. Iliyobaki ilikuwa kazi moja tu, kupokea mabidoni mlangoni na kuyaosha.

Nilikaa pale nikitazama viatu vyangu. Nilitaka kuondoka, nakuambia kweli. Nilikuwa nimekwisha kushika fimbo. Nilichofanya badala yake ni kuiegemeza ukutani, nikaenda kwenye bidoni la karibu, nikang'oa mpira wa kifuniko, nikamwita Kavira aje anuse.

Alinusa, uso ukamkunjamana, akaniuliza nimejua lini. Nikamwambia nilijua tangu mwezi uliopita. Solange alinitazama, na yale macho yake bado ninayo. Wiki ile nzima aliyapoteza maziwa, na wiki nyingine tatu kabla yake, kwa sababu mjomba wake alikuwa mtu wa heshima.

Nikaanza kazi siku ileile. Kavira alinifundisha kusoma kipimajoto, na mara mbili nilikisoma kichwa chini akacheka mpaka akakaa. Nilidumu pale miaka kumi na moja. Usidhani mambo yalinyooka haraka. Mwaka wa kwanza wote nilipoulizwa kazi yangu nilianza sentensi mbili tatu nisizimalize. Hata leo, nimestaafu, mtu akiniuliza nilikuwa nani, nafikiri kwanza.

Basi, mwanangu, nakuambia wazi. Usingoje ile ofisi. Labda itafunguliwa, na kwa miaka yote utakayoingoja hutajifunza kitu. Kaa na mkeo, andikeni mikono yako inajua nini: unajua kupanga safari za magari, unajua kuongea na watu wenye hasira, unajua kuandika barua inayosomeka. Cheo ulichoondoka nacho kikae kabatini na suti. Kisha nenda kwa watu wanaofanya kazi hapahapa, mahali ulipo sasa, uwaulize nini kinawavimbia. Ukijua dawa yake, sema siku hiyohiyo, hata kama hawajakupa kiti. Na kama atakayekufundisha ni mtoto wa juzi, mwite mwalimu. Utaona aibu mwezi mmoja, pengine miwili. Mimi nilitaka kuikwepa aibu hiyo, nikapata nyingine kubwa zaidi iliyokaa miaka minne.

Utachanganyikiwa, hilo silifichi. Mpango wa leo utauona mbovu kesho, ufanye mwingine. Anza tu ukiwa umechanganyikiwa hivyohivyo, kwa kuwa mimi nilingoja kichwa kitulie na hakikutulia mpaka mikono ilipoanza kuosha.

Desturi yetu ni nzuri, ilinirudishia ng'ombe. Miaka minne ya Mama Esperance kusimama peke yake juani Birere, hakuna mtu wa Masisi wala wa Kibati anayeweza kunirudishia. Yeye ametangulia, hakunidai hata neno. Nenda nyumbani leo umwangalie mkeo mikono yake.

Mungu wa baba zetu akupe kazi inayokutambua. Akupe mwalimu asiyekucheka, au akikucheka, akucheke huku anakushika mkono. Akufungulie mlango mdogo, na akupe shingo ya kuinama upite. Amina.