Sauti Mbili Kando ya Televisheni

Sisi tuliokulia kambini Jinja miaka ya tisini tulitazama televisheni kwa macho ya wote na midomo ya watoto wawili. Mmoja wa hao wawili ni mimi, na mpaka leo najivunia. Lakini nianze na asubuhi ya Jumatatu moja, nilipofunga betri ya lori, ile iliyowasha televisheni yetu, nyuma ya baiskeli nikaenda Bugembe kuichajisha, kama kila wiki. Nilimwachia fundi betri na baiskeli, na badala ya kukaa kusubiri nikajikuta juu ya magunia ya unga kwenye lori la kwenda Tororo. Sikuwa na mpango. Nilikuwa na miaka kumi na minne, sandali za tairi mguuni, na shule nilikuwa nimeiacha darasa la sita. Mama alizoea kusema, "Huyu Okiror macho yake yako miguuni," na hakukosea.

Kambi yetu ya askari magereza ilikuwa na Waacholi, Waiteso, Walugbara na Wagisu, na kila nyumba ilipika kwa lugha yake. Uani tulikutana kwa Kiswahili. Watu wa mjini walikiogopa, maana wao walikisikia kwanza kwa wanajeshi wakiambiwa walale chini. Sisi tulikitumia kuombea chumvi, kugombania mpira wa majani ya migomba, na kutaniana huku tukitafuna mukene, vile visamaki vya Masese, vya moto mpaka vinachoma ulimi.

Kambi nzima ilikuwa na televisheni moja, ya Afande Otim, Mwacholi mwenye sauti ya kuamsha gwaride. Kila Jumapili jioni ulionyeshwa mchezo wa Wazungu wawili marafiki waliokuwa na duka lao la kunyoa, mmoja akimpenda dada wa mwenzake na kushindwa kusema. Ulikuwa wa kuchekesha na wa kuhuzunisha palepale. Tatizo ni Kiingereza chao; kilikuwa cha kukimbia. Akina mama walicheka kwa kuchelewa, wakiangalia kwanza nani amecheka. Afande akachoka. Akatunyooshea kidole mimi na rafiki yangu Wamimbi, mtoto wa sajini Mgisu: "Nyinyi mnaokaa mbele bure, simameni mfanye kazi!"

Basi tukasimama, mmoja kulia, mmoja kushoto. Mimi nilikuwa yule mpenzi, Wamimbi alikuwa kaka wa msichana. Yeye Kiingereza alikitoa darasani. Mimi nilikiokota mbele ya maduka ya Wahindi na kwenye magazeti yaliyofungiwa sukari. Neno likitushinda tulitunga la kwetu, na mara nyingi la kwetu ndilo lililochekesha. Mama yake Wamimbi alisema sauti zetu ni tamu kuliko za wenyewe. Tulipopita bombani watu walituita kwa majina ya wale vinyozi. Vijana wa leo wanajirekodi kutwa nzima wakitafuta mtu wa kuwatazama. Sisi watu walituwekea viti mapema.

Kosa nililifanya mimi. Wamimbi alikuwa na dada, Khainza, aliyetuzidi miaka miwili, na jioni moja alikuwa mkekani mbele kabisa akimenya karanga. Kwenye televisheni yule mpenzi aliamua hatimaye kumwambia rafiki yake ukweli. Akakuna kichwa, akameza mate, maneno hayatoki. Nikampa ya kwangu.

"Ndugu yangu," nikasema, "tangu nimsikie Khainza akicheka pale bombani, chakula hakipiti kooni."

Karanga zikaacha kumenywa. Yule Mzungu alikuwa ameshafunga mdomo anakunywa chai, mimi bado naendelea. Wamimbi akanitazama, akavimba, akanijibu kwa sauti ya kaka wa mchezoni: "Dada yangu haolewi na msinde!"

Msinde, kwa Wagisu, ni mwanamume ambaye hajatahiriwa, na kwao hakuna tusi zito zaidi. Lakini sisi Waiteso hatutahiri. Waacholi hawatahiri. Nusu ya wanaume wa chumba kile walikuwa wasinde, akiwemo mwenye televisheni.

Afande Otim akaweka kikombe chini. "Rudia."

"Si mimi, Afande. Ni huyu wa televisheni amesema."

"Huyo Mzungu amesema msinde?"

"Na hawa watoto saba," mke wake akadakia, "nimezaa na nani? Na bomba?"

Chumba kikalipuka. Katikati ya vicheko mtu akauliza, "Na wewe Wamimbi, umekatwa lini?" Hakuwa amekatwa. Kila mtu alijua. Wamimbi akatoka machozi yakimtiririka, na vicheko vikamfuata mpaka mlangoni kwao. Khainza alicheka hadi karanga ikampalia, na alipopata pumzi akaniambia, "Okiror, kwanza ota ndevu." Mapenzi yangu yakaishia hapo, wala hayakuniuma siku nyingi.

Kilichoniuma ni Wamimbi. Hakunisemesha tena. Mwaka ule ulikuwa mwaka wa tohara, na kabla sijapata ujasiri wa kumwomba msamaha, akapelekwa kwa bibi yake Busiu, upande wa Mbale, akajiandae kwa kisu. Nikabaki natafsiri peke yangu, sauti mbili kwa mdomo mmoja. Watu wakaanza kupiga miayo. "Huyu wa pili amekufa?" Afande akauliza.

Ndipo mchezo ukafika mwisho. Yule dada aliolewa na mtu mwingine kabisa, na marafiki wale wawili wakasimama nyuma arusini, kila mmoja akingoja mwenzake aanze. Nilipofika kwenye maneno ya kaka, niliyaacha, nikaketi. Usiku ule niliwaza jambo moja tu: Wamimbi hajui umeishaje. Asubuhi nikafunga betri kwenye baiskeli, na mengine nimeshasema.

Kutoka Tororo nilipanda lori la matoke, likanishusha Busiu jua likianza kulegea. Njuga na ngoma zilisikika kila upande, vijana wamepakwa unga wa mtama wanakimbia na umati. Nikauliza, nikaelekezwa. Wamimbi alikuwa amekatwa jana yake, na walisema hakupepesa jicho. Nilimkuta kwenye mkeka ndani ya kibanda, uso umekauka. Aliponiona akageukia ukutani.

"Msinde amefuata nini?"

"Nimekuja kukwambia mchezo umeishaje."

Kama angenifukuza, sikuwa na pa kwenda wala pa kulala.

"Walipatana?" akauliza, uso bado ukutani.

Shangazi yake akaingia na bakuli la malewa, machipukizi ya mianzi yaliyopikwa kwa karanga. Kwa desturi yao aliyekatwa hashiki chakula mpaka anawishwe mikono siku ya tatu, hulishwa. Shangazi akanitazama. "Wewe mgeni, umenawa? Basi mlishe, mimi nina watu nje."

Nikamlisha, tonge kwa tonge, huku nikisimulia. Sehemu za kaka alizisema mwenyewe, mdomo umejaa, sauti ileile. Tukafika arusini.

"Hapo mimi nikasema nini?" akauliza.

"Ulisema, nisamehe."

Akatafuna polepole. "Mwongo. Ni wewe uliyesema."

"Haya, tulisema pamoja."

Akacheka, akashika tumbo kwa maumivu, akanitukana, akacheka tena.

Siku hizi kila mtoto ana mchezo wake mfukoni, nyuzi masikioni, na tafsiri inapita chini ya picha. Hakuna anayemhitaji mwenzake amwambie walisema nini. Wamepata kila sauti, ila hawajui raha ya kuwa sauti ya mtu. Tangu siku ile nimelala miji mingi nisiyoikumbuka hata majina, lakini mkeka wa kwanza wa ugenini naukumbuka. Bibi yake Wamimbi aliutupa kando ya mlango wa kibanda akasema, "Msinde atalala hapa."

Wamimbi akausogeza kwa mguu, karibu na wake.