Sekunde Mbili Kabla ya Saa Kumi

Habari zenu wapendwa. Admini, naomba ufiche jina langu na picha yangu, maana hata huku Mbinga wafuasi wa ukurasa huu wapo. Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, mjane. Watoto wangu wawili wako mbali na wana maisha yao, wananipigia sikukuu. Nimepanga vyumba viwili, asubuhi nauza chai na maandazi, na ikifika saa nne kazi imeisha. Kuanzia hapo hadi kulala ni mimi na redio. Sisemi haya ili mnihurumie, nataka tu mjue nimefikaje hapa.

Zamani niliolewa kando ya Ziwa Nyasa, karibu na Liuli, na bado nimo kwenye kundi la simu la kanisa letu la kule. Siku za mavuno watu huleta sadaka: mihogo, kuku, usipa mkavu, wale dagaa wetu wa ziwani, hata vyombo vya nyumbani, na vyote hunadiwa uwanjani baada ya ibada. Miaka hii vingine vinanadiwa kwenye kundi kwa ajili yetu tulio mbali. Katibu anaweka picha asubuhi, watu wanaandika dau, ikifika saa kumi jioni anafunga. Mwenye dau la juu wakati huo ndiye mshindi.

Mimi nikajifunza kuvizia. Nakaa kimya siku nzima kana kwamba simo, bei nimeshaiandika ila sijaituma, macho kwenye saa. Zikibaki sekunde mbili, natuma. Nimepata hivyo mkeka, sufuria na jogoo mmoja aliyefika na mafua, akafa siku ya tatu. Wala sikujali. Raha yangu ilikuwa pale katibu anapoandika, "Hongera mama yetu wa Mbinga!" na watu wanaweka makofi na kunitania, "Huyu mama ni paka, amelala jicho moja." Kwa mwaka mzima, hiyo ndiyo siku watu wengi walinikumbuka kwa pamoja.

Mavuno yaliyopita kikaletwa cherehani. Kilikuwa cha mama yake Agatha. Agatha si jina lake halisi. Ni mdogo wangu wa kwaya, tuliimba pamoja enzi za ndoa yangu, na sasa anaishi Lipingo. Mama alipofariki, kaka yake akakitoa cherehani sadaka bila kumuuliza. Agatha hakugombana na kaka yake, akaamua kukinunua. Kwake mtandao ni wa shida, mpaka apande mlima nyuma ya nyumba. Tangu asubuhi dau lilikuwa lake peke yake, maana kwetu mtu akinunua kitu cha marehemu wake, wengine wanarudi nyuma. Sheria hiyo haijaandikwa popote. Uwanjani ukijisahau, jirani anakuvuta kitenge na kukunong'oneza, "Achia, ni cha mama yake."

Kwenye simu hakuna wa kukuvuta kitenge. Lakini saa tisa Agatha aliandika mwenyewe: "Ndugu zangu, ni cha mama. Asanteni kwa kuniachia."

Ujumbe ule niliusoma. Ninaweza kuyasema haya kwa sababu hamnijui. Niliusoma mara mbili, nikasema moyoni leo naangalia tu. Mimi sijui kushona hata kifungo. Zikaja dakika za mwisho, kundi kimya, mimi peke yangu chumbani, na kidole kikafanya kilichozoea. Nisikisingizie kidole. Nilituma mimi, nilitaka waniambie hongera.

Hakuna aliyesema. Katibu aliandika jina langu na bei, basi. Dau la Agatha likaingia saa kumi na dakika tatu, kubwa kuliko langu, na katibu akamjibu kwamba muda umekwisha. Nikaona aibu, nikaandika haraka, "Jamani samahani, sikuona ujumbe wa mdogo wangu, mtandao ulisumbua." Mtandao wa Mbinga mjini, na mimi nimeketi kitini!

Jioni ile ile Agatha akapiga. Nilijua natukanwa.

"Shikamoo dada."

Nikaitikia kwa sauti ndogo.

"Dada, usijisumbue moyo. Najua hukuona. Ungeona usingefanya vile, mimi nakufahamu."

Nilimwambia kikinifikia nitamrudishia kwa basi akichukue bure. Akakataa. "Kile kilishapelekwa madhabahuni, dada. Sadaka hairudishwi kwa mlango wa nyuma. Bora kije kwako kuliko kwa mtu nisiyemjua. Ila nitaomba nije nikae nacho kidogo."

Tangu siku hiyo ananipigia kila Jumapili baada ya ibada. Ananisimulia mama yake alivyoshona sare za kwaya, alivyomfundisha kutunga uzi. Sikumbuki mara ya mwisho mtu kunipigia bila kuwa na shida. Simu ikilia nafurahi, nikipokea nakumbuka uongo wangu. Najua wapo watakaosema nilishinda kihalali, muda ni muda. Sawa. Lakini yeye alikuwa amesimama mlimani anatafuta mtandao, na ombi lake nilikuwa nimelisoma.

Jumamosi hii anakuja kulala siku mbili. Analeta usipa na kitambaa, anishonee gauni kwa cherehani cha mama yake. Aliniomba vipimo. Nimejipima, nimemtumia.

Nikimwambia ukweli, Agatha hatapiga kelele. Ataosha sahani yake, ataaga kwa heshima, atapanda basi la asubuhi, na Jumapili simu yangu haitalia. Nisipomwambia, nitalivaa gauni lile huku najua. Ndugu zangu, mwenye kujua kukaa peke yake anijibu kabla ya Jumamosi: nimwambie, au ninyamaze nibaki na mtu?