Ndagala Ndani ya Kifurushi cha Chuo Kikuu

Nianze na upumbavu wenyewe, maana hapa Uvira ukichelewa kusema aibu yako, jirani atakusemea, na ataongeza chumvi. Nilituma maombi ya kuingia chuo kikuu cha Leta, yaani cha serikali, huko Ubelgiji, na katikati ya diploma yangu na barua ya kujieleza niliweka ndagala. Ndiyo, ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa letu, kiasi cha kujaza sahani mbili, zimefungwa kwa jani la mgomba. Hakuna aliyenishauri. Wazo lilitoka katika kichwa hiki hiki kilichokaa sekondari miaka sita na kushiba Kilatini.

Kwetu mtu haendi kwa mwami, mtawala wetu, mikono mitupu. Uwe na kesi ya shamba, ya ng'ombe, ya mke aliyerudi kwao, kabla hujafungua kinywa lazima kitu kitangulie: kuku, kibuyu cha pombe, chochote. Anayesema kwanza na kutoa baadaye huonekana hakulelewa. Sasa mimi, kwenye karatasi za chuo, nikakutana na mtu anayeitwa rekta. Nikajiuliza huyu ni nani. Nikaona ni mtu ambaye akisema ndiyo unaingia, akisema hapana unabaki nje. Basi ni mwami, wa ngozi nyingine tu. Kwa sababu hiyo hiyo sikutuma kopi ya diploma yenye muhuri wa ofisi ya teritwari, wilaya yetu, ingawa karatasi ziliagiza kopi. Nilituma diploma yenyewe. Kwa mwami hupeleki kivuli cha mbuzi.

Chuo hicho kilikuwa katika mji usio mbali na bahari. Nilikisikia kwa mwalimu mmoja asiye padri, pale koleji ya mapadri ya Bukavu nilikosoma. Alituambia kwamba watu wa pwani ya kwao wanalima chini ya bahari: maji yako juu, wao wako chini, ukuta uko katikati, na usiku wanalala usingizi. Darasa zima lilicheka. Mimi sikucheka. Nyumba yetu ilikuwa karibu na Kalimabenge, mto ambao wakati wa kiangazi kuku anauvuka bila kulowa magoti, na wakati wa mvua unashuka milimani ukibingirisha mawe makubwa kama mapipa. Ulikuwa umekwisha kuchukua jiko la mama mara mbili. Mara ya pili ulikwenda nalo pamoja na mbuzi aliyekuwa amefungwa humo, mama akabaki mlangoni ameshika mwiko. Nikasema, hao wenye ukuta ndio nitakaowaendea, wanifundishe, nirudi. Chuo kikuu cha mapadri hakingenipokea. Padri mkuu wa koleji alitaka niingie seminari, nikakataa, na tangu siku hiyo alinisalimia kwa Kilatini tu. Mlango uliobaki ulikuwa mmoja, wa Leta.

Na msidhani nilikuwa mtu wa safari. Miaka yote sita ya koleji, lori la kwenda Bukavu lilipofika Luvungi nilikuwa nimekwisha kulia mara mbili: mara moja kwa ajili ya mama, mara ya pili kwa ajili ya chakula chake. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyetaka kwenda Ulaya. Mto ulinisukuma.

Ndagala nilizipata kwa jirani yetu, mjane aliyeanika samaki mchangani mbele ya ua wetu. Ilikuwa majira ya mvua, jua linatoka kama mtu anayedaiwa, linachungulia na kurudi ndani. Alichukua moja, akajaribu kuivunja. Haikuvunjika, ilijipinda.

"Hii haijakauka, baba. Ndagala ya kweli ukiivunja inalia ka! Hii iko inanyamaza. Ngoja jua la siku mbili."

"Mama, meli ya posta ya Albertville inaondoka kesho."

"Meli itarudi. Minye nauzisha ndagala tangu weye unanyonya."

"Safari ni ndefu, zitakaukia njiani."

"Zitakaukia ndani ya nini? Ndani ya sanduku?" Akacheka hadi akakaa chini. Kisha akanifungia zile nzuri nzuri, moja moja. "Utamwambia ule mukubwa wa kule, hii ndagala ni ya minye. Asifikiri ni ya mama yako. Mama yako hajui kuanika."

Mama alikuwa ndani, alisikia, na alijibu maneno ambayo siyaandiki hapa.

Kifurushi nilikishona mwenyewe kwa kitambaa cha amerikani. Pale posta karani alikishika, akakisogeza puani.

"Ndani kuna nini?"

"Karatasi."

"Karatasi gani inanuka hivi?"

"Za masomo."

Alinitazama, akatazama anwani ya Ulaya, akapiga muhuri. Nadhani alifikiri masomo makubwa yana harufu yake.

Kisha nikaanza kusoma. Nasema kusoma kwa sababu kwa miezi minane nilikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu kile, ila tu nilikisomea kwa mama. Fundi cherehani alinishonea koti la blanketi, nikawa nalivaa mchana, jua la Uvira likiwa utosini, ili mwili uzoee nguo za baridi. Nilikaa ufukweni na daftari, nikipima urefu wa mawimbi kwa fimbo, nikiandika. Wanawake waliokuja kuteka maji waliniita Etidia, yaani mwanafunzi kwa Kifaransa chao. "Etidia, bahari yako iko inasema nini leo?" Niliwajibu kwamba maji ya kule ni ya chumvi. "Basi watakuchemshia humo humo, hawatatafuta chumvi." Nilicheka nao. Mtu mwenye safari huwa mpole.

Katikati ya kungoja, Kalimabenge ukaja. Ulichukua ua wa nyuma na nusu ya jiko la tatu. Nilisimama kwenye matope na koti langu nikawaambia watu wasikate tamaa, ni miaka michache tu, nitarudi na ukuta. Mzee mmoja akauliza kwa upole kama mto nao nimeuarifu usubiri.

Bahasha ya chuo ilifika kwa mkono wa planto, tarishi wa ofisi ya teritwari. Aliishika kwa vidole viwili, mbali na mwili wake. Diploma yangu ilikuwa ndani, imekuwa ya kahawia na laini kama ngozi ya chura. Wino ulikuwa umekwenda. Alama zangu, hakuna. Saini ya mkaguzi, hakuna. Mahali pa jina langu palikaa picha ya samaki mzima, kichwa kwenye jina la ukoo, mkia kwenye jina la ubatizo. Barua iliyoisindikiza ilikuwa ya mistari mitano, ya adabu sana. Hati zimeharibiwa na mafuta ambayo asili yake haikujulikana. Hazisomeki. Nitume nyingine kabla ya tarehe fulani. Tarehe hiyo ilikuwa imepita majuma matano kabla meli haijatia nanga Kalundu, bandari yetu.

Juu ya zawadi, hata neno moja.

Nilipanda lori kwenda Bukavu. Safari hiyo sikulia Luvungi, na hapo ndipo nilipojua mambo ni mabaya. Padri mkuu aliiweka diploma mezani, akafungua dirisha.

"Uliweka nini humu?"

"Zawadi, Padri."

Nilidhani atacheka. Ingekuwa nafuu. Alisema diploma hutolewa mara moja, kama ubatizo. Angeweza kuniandikia cheti cha kuthibitisha, lakini lazima kisainiwe na wakubwa wa mji mkuu, Léopoldville, na wakubwa wa Léopoldville hawana haraka. Aliniandikia. Alinisindikiza mpaka mlangoni na, kwa mara ya kwanza tangu nikatae seminari, aliniaga kwa Kiswahili. Nilielewa kwamba hakuwa na hasira nami tena. Mtu hamkasirikii maiti.

Cheti kikaenda Léopoldville. Nikaandika kukiulizia. Barua ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilijibiwa: wanaomba nieleze barua ya kwanza ilisema nini. Nikaeleza. Mwaka wa masomo ulianza kule pwani bila mimi, ukaisha bila mimi, ukaanza mwingine. Nikaandika ya nne, kisha ya tano, na kila moja ilikuwa fupi kuliko iliyotangulia. Mwisho wakajibu kwamba faili langu halionekani, na kwamba mwenye kuomba upya alete diploma ya asili. Ya asili niliyokuwa nayo ilikuwa ya samaki. Msimu uliofuata nilichukua kazi ya karani wa pamba, kupima magunia ya watu wa bonde la Ruzizi, kazi ambayo hata aliyeishia darasa la sita angeifanya. Jioni narudi kwa mama. Jiko la nne tulilijenga kwa matete, maana hakuna aliyetaka tena kupoteza matofali.

Asubuhi moja ya kiangazi nilipita ufukweni. Jirani alikuwa akigeuza samaki kwa ufagio, kikapu chake cha kitunga kikiwa kando, jua limewaka vizuri, ndagala zinalia ka, ka.

"Leo hauna koti?"

"Mama analifunikia unga."

"Na barua?"

"Hakuna tena, mama."

"Hata ya mwezi unaokuja?"

"Hata."

Aligeuza safu nzima. Kisha akainua kichwa.

"Na ule mukubwa, hakusema kama ndagala ilikuwa tamu?"

"Hakusema."

"Lakini ilifika?"

Nikaikumbuka ile harufu. "Ilifika, mama."

Aliegemeza ufagio begani, akanitazama kuanzia viatuni mpaka kichwani, mtu mzima, karani wa pamba, aliyesimama mahali pale pale alipochukulia zawadi.

"Basi ndagala yangu iliona Ulaya, na weye hautaiona. Kuja uniinulie hii kitunga."