Betri ya Lori

Mwaka ule baba alilazwa Dar es Salaam. Akatuamrisha mimi na mama turudi shamba, nyuma ya Makurunge, tukaulinde mpunga usiliwe na nguruwe. Baba mdogo alibaki naye. Tukaagana hivi: likitokea la kutokea, atalipeleka redioni, nasi tudandie lori la saa nne tuwahi maziko. Kwetu maiti hacheleweshwi. Wa mbali asipofika, anazikwa hivyo hivyo.

Juma lile lile mawe ya redio yakafa. Nikayaanika juani, nikayagongagonga, wapi! Madukani Bagamoyo mapya hayakuwapo. Fundi wa magari akanitolea betri mbili: ya pikipiki, volti sita, na ya lori, kumi na mbili.

“Redio yako inataka tisa,” aliniambia. “Chukua hii ndogo, mwanangu. Itasema kwa unyonge, lakini itasema.”

Nikajifanya mjuzi. Mama masikio yake mazito. Sauti ya unyonge ya nini? Nikajitwika ya lori, asidi ikanitoboa shati begani. Nilikuwa mbishi wa kijinga siku hizo, na sijapona sana.

Jioni redio ilinguruma mpaka mama akacheka. Nilipoigusa kwa nyuma nikakuta moto. Nikajua nimekosea. Lakini kumrudia fundi niliona haya, basi nikaizima ipoe.

Asubuhi yake mama alijitanda kanga, akakaa mkekani kama kila siku kabla ya matangazo ya vifo. Nikaiwasha. Mtangazaji akasema, “Tunasikitika kutangaza…” Redio ikalia kwii, ikatoa harufu ya mpira unaoungua, ikazimika.

“Kamtaja nani?” mama aliniuliza.

“Watu wa mbali, mama. Si wetu.”

Uongo huo ulinitoka kwa ulimi mwepesi kabisa. Lori la saa nne likapita barabarani. Mama alisimama akalitazama hadi likapotea, kisha akarudi kwenye ungo wake.

Karibu na adhuhuri wakaja wanawake wa Makurunge kwa kijia cha shambani, wamejitanda, mikeka kwapani, mmoja na kikapu cha mchele kichwani. Mama alidhani wanapita tu. Akasogeza ungo awapishe njia.

“Jamani, nani kafiwa huko mwendako?”

Wakasimama. Wote wakanitazama mimi.