Mswada wa Deolinda Furtado

Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Deolinda Furtado aliambiwa toka, tena kwa maandishi, tena kwa upole kabisa, na yeye akarudi kwenye cherehani yake kiwandani Fall River akaendelea kushona kola za mashati.

Kosa lake lilikuwa kufiwa. Mumewe, Januário, alizaliwa Marekani, mwana wa watu wa visiwa vya Azore kama sisi wote wa mtaa ule. Alikwenda São Miguel, kimoja cha visiwa hivyo, kutafuta mke, akampata, akamleta, akaanza kumwombea ruhusa ya kukaa. Ndoa haijamaliza nusu mwaka, moyo ukamsimama kazini. Sheria ya siku zile ikasema mwombaji akifa na ombi lake limekufa, kwa hiyo Deolinda si mke wa mtu, ni mgeni aliyepitisha muda. Jamani! Mtu amevaa nyeusi toka utosini hadi kwenye soksi kwa ajili ya mumewe, halafu anaambiwa mume huyo hahesabiki.

Dawa ilikuwa moja tu. Mbunge wetu alipeleka Washington mswada wa mtu mmoja, jina la Deolinda limeandikwa juu yake, wa kumpa nafuu yeye peke yake na si mwingine. Desturi ya kule ni kwamba mswada kama huo ukiwa bado uko mezani pa kamati, mwenyewe hafukuzwi nchini. Ila Bunge lile huisha kila baada ya miaka miwili, na mswada ambao haujapita hufa pamoja nalo. Wa kwanza ulikufa. Wa pili ulikuwa unakata roho siku Bwana Gilhooly, msaidizi wa Mbunge, alipomwita Deolinda ofisini.

"Bibi Furtado, nikuambie ukweli," alisema. "Kule kuna wabunge ambao kazi yao ni kuipinga miswada hii. Wanauliza, ndoa ya miezi mitano ni ndoa gani?"

"Ile iliyofungwa kanisani."

"Haya, sawa. Lakini Serafim muoka mikate amefiwa na mkewe, ana uraia, na amenituma mwenyewe. Mkienda kwa padri, mambo yamekwisha. Mswada wa nini tena?"

"Serafim mtu mzuri, na mkate wake mzuri," alisema Deolinda. "Ila mimi nina mume."

"Serikali inasema huna."

"Basi iseme ninaye. Hiyo ndiyo kazi niliyowapa."

Gilhooly akamtazama kama mtu anayetazama gari bovu katikati ya barabara. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka, na alikuwa hajamjua Dona Palmira.

Huyo ndiye mama mkwe, na Deolinda aliishi naye nyumba moja. Tangu siku ya mazishi bibi huyu hakuwa amemwita kwa jina hata mara moja. Kwake yeye, Deolinda aliolewa na pasi ya Marekani, wala si na mwanawe. Maneno hayo aliyasema sokoni, akayasema kanisani, na jioni ile aliyarudia jikoni, viazi mkononi.

"Chukua muoka mikate wako uende zako. Si karatasi ndizo ulizofuata?"

"Nikiolewa kwa ajili ya karatasi, utakuwa umesema kweli," alijibu Deolinda. "Raha hiyo sikupi, mama."

"Mkaidi wee."

"Ndiyo. Niletee hicho kisu."

Mwaka huohuo, Jumapili ya Roho Mtakatifu, tukapiga kura ya taji kama kawaida. Majina hutiwa ndani ya kofia, hutolewa nyumba saba, na mwaka unaofuata, baada ya Pasaka, kila nyumba hukaa na taji la fedha la Roho Mtakatifu kwa wiki nzima. Jioni watu husali rozari, anayeingia hulishwa, na mlango haufungwi. Ni heshima, na ni ahadi kwa Mungu. Mtu hatii jina lake kofiani kama hana hakika atakuwepo.

Deolinda akaja na jina lake. Mzee wa chama cha taji akaifunika kofia kwa kiganja.

"Binti yangu, mwakani Bunge litakuwa jipya. Taji likifika, wewe utakuwa wapi?"

"Nyumbani."

"Na wakikuondoa?"

"Waje waniondoe mbele ya taji. Toa mkono, mzee."

Mzee akatoa mkono. Jina lilitoka, wiki ya tatu.

Januari mswada wa pili ukafa. Mbunge akapeleka wa tatu, na Gilhooly akamwambia Deolinda waziwazi kwamba huu ndio wa mwisho. Kamati ilitaka ripoti. Ofisa wa uhamiaji atafika nyumbani kuuliza kama ndoa ile ilikuwa ya kweli, na akiandika vibaya, hakuna wa nne.

Ofisa alifika wiki ya tatu baada ya Pasaka. Alikuta mlango wazi, nyumba imejaa, taji liko juu ya meza sebuleni na maua pande zote. Kabla hajataja jina lake alikuwa amekalishwa, bakuli la supu ya soseji na majani liko mbele yake. Maskini, alishika kijiko kwa mkono mmoja na kalamu kwa mwingine. Akamgeukia Dona Palmira, kwa kuwa ndiye mwenye nyumba.

"Bibi, huyu mwanamke ni nani wako?"

Deolinda alikuwa amesimama na upawa. Alijua kwamba sentensi moja ya mwanamke yule ingempakia melini.

"Sema unachokijua, mama," alisema. "Mimi sikuombi."

Dona Palmira akaweka kijiko chake chini.

"Mkaidi," alisema. "Chumvi hajui kupima. Mwaka mzima namwambia aolewe na muoka mikate, ananikatalia usoni. Angekuwa alifuata karatasi, angekwisha kwenda zake zamani." Akajifuta midomo kwa aproni. "Nilimwonea. Andika mke wa mwanangu. Anaitwa Deolinda. Kisha ule, supu inapoa."

Deolinda akageukia jiko, akalia juu ya sufuria bila kujificha.

Mwaka uliofuata mswada ukasomwa, na hakuna aliyesimama kuupinga. Ukatiwa saini. Gilhooly akapiga simu kiwandani, furaha imemjaa kama ushindi ni wake.

"Hongera, Bibi Furtado. Kuanzia leo sheria ya Marekani inakuhesabu kuwa mke wa Januário Furtado."

"Ahsante, Bwana Gilhooly," alisema Deolinda. "Mimi nilikuwa mkewe siku zote. Ninyi ndio mlikuwa hamjafika."