Miti Kumi na Miwili ya Karatasi

Nakumbuka kwanza benchi la treni, mwanangu, kabla sijaukumbuka mji wenyewe. Siku nne kutoka Mwene-Ditu hadi Likasi juu ya kiti cha mbao, na kadiri tulivyoshuka kusini ndivyo magunia ya makala yalivyoongezeka vituoni: makaa ya miti, yamezibwa mdomo kwa nyasi, yamepangwa kama abiria wanaosubiri zamu yao. Sikuyatilia maanani. Nilikuwa na miaka ishirini, cheti cha sekondari mfukoni, na mjomba aliyekuwa karani katika kampuni ya shaba ya serikali. Nimekaa miji mingi tangu hapo, na sasa nimepita arobaini, lakini ule ndio unaonirudia.

Mjomba alinipatia kazi ya kuchoma karatasi. Usicheke. Pale ofisini kila kitu kiliandikwa mara tatu, na nakala za zamani zilitupwa: kadi za zamu, ramani za machimbo, barua. Nilizichoma uani, mpaka siku moja mwalimu wa uchoraji wa parokia, mzee mwembamba aliyevaa koti lilelile mwaka mzima, aliposimama kando ya moto wangu.

"Unachoma nini?"

"Karatasi, Mwalimu."

"Hapana. Unachoma pori, mara ya pili."

Tangu siku hiyo karatasi zilikwenda kwake. Alizisokota, akazifunga kwa uzi, akazipaka uji mzito wa unga wa muhogo, tabaka juu ya tabaka, mpaka zikawa miti yenye magome na mizizi. Alitaka kusimamisha pori zima katika ukumbi wa parokia, na alikuwa na sababu. Upande wa Kamatanda kilibaki kipande kimoja cha mitondo, ile miti ambayo mvua zikianza hubeba finkubala, viwavi tunaowala. Wachoma makala walikuwa wamemwomba chifu awape kipande hicho. Chifu alisema atatoa neno lake Jumapili, akishaona kazi ya mwalimu. Wa kupoteza alikuwa Mama Musonda, mjane aliyeokota viwavi pale kila msimu, akawakausha na kuwauza sokoni. Wajukuu wake watatu walisoma kwa viwavi hao.

Mwalimu alinipa mimi miti kumi na miwili, ile mikubwa ya kusimama mbele.

"Karatasi tupu," akaniambia. "Usitie kitu kingine ndani. Tabaka moja, ngoja ikauke. Tabaka ingine, ngoja tena."

Lakini mvua zilikuwa zimeanza na hakuna kilichokauka. Miti yangu ilipinda kama walevi wa siku ya mshahara. Zilipobaki siku nne nilichukua panga, nikaenda Kamatanda asubuhi, nikakata mitondo michanga kumi na miwili iliyonyooka, minene kama kifundo cha mkono. Kila mmoja nikauvika karatasi. Jioni ilisimama wima, nami nikajisifu. Nilijiambia nimekata kumi na miwili ili niokoe elfu. Hesabu hiyo, mwanangu, nimewasikia watu wakubwa wakiipiga katika miji mingi, na siku zote anayeipiga ndiye mwenye panga.

Jumapili, baada ya misa, ukumbi ulijaa. Chifu aliketi mbele. Watu walisimama kulitazama pori lile. Ukisogea karibu ungeweza kusoma kwenye majani majina ya wachimbaji na saa zao za zamu. Kisha mkubwa wa wachoma makala, bwana mnene mcheshi aliyeitwa Mulunda, akaanza kuizunguka miti huku mikono iko mgongoni.

"Sitwayen mwalimu," akasema, akimwita raia kama ilivyokuwa desturi siku zile, "miti yako iko mizuri. Inazaa finkubala?"

Watu wakacheka.

"Inazaa akili," mwalimu akajibu, "kwa mwenye kuitaka."

Wakacheka zaidi, na safari hii Mulunda naye akacheka. Nadhani hapo mwalimu alikuwa anashinda. Mulunda akainua mti mmoja, mmoja wangu, akaupima mkononi.

"Karatasi ya kampuni ndiyo inakuwa nzito hivi?"

Akauvunja kwenye goti. Karatasi ikachanika, na ndani ukaonekana mti mbichi, bado una majimaji. Hakupaza sauti. Alimwonyesha chifu tu.

"Chef, angalia. Hata bale ba kutufundisha banakata. Tena miti bado mitoto."

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia pale. Chifu akasimama, akavaa kofia yake. "Basi hakuna wa kumkataza mwenzake," akasema, akatoka.

Mama Musonda akauokota ule mti uliovunjika. Akaubandua karatasi kwa ukucha, akanusa gome, kisha akaenda kwenye wa pili, na wa tatu. Nilingojea matusi.

"Huu ulikuwa kule mutoni, karibu na jiwe," akaniambia. "Miye nilikuwa nauacha ukomae."

"Mama, nilitaka kukusaidia."

"Najua. Lakini weye ulikuwa na mbio. Ungeniuliza, ningekufundisha kungoja. Kungoja ndiyo kazi yangu."

Akaikunja ile karatasi aliyoibandua, akaondoka nayo. Mwalimu hakuja tena kando ya moto wangu. Karatasi nikaanza tena kuzichoma. Kile kipande cha mitondo kiliisha kabla ya mvua kwisha, na maji yakimwagika hayazoleki.

Siku niliyoondoka Likasi, na sikurudi tena, magunia ya Kamatanda yalikuwa yamejaa kituoni. Mama Musonda alikuja na kifurushi kidogo cha karatasi. Niliitambua karatasi ile: ngumu kwa uji wa muhogo, na jina la mchimbaji fulani, zamu ya usiku. Ilitoka kwenye miti yangu. Ndani mlikuwa na finkubala wakavu.

"Ni ba mwaka uliopita," akasema. "Ba mwaka huu hakuna. Wende muzuri, mutoto."

Niliwala njiani, mmoja mmoja, mpaka Kamina. Karatasi sikuitupa.

Mwanangu, ukisimama kukitetea kitu, chungulia kwanza ndani ya ulichokishika, maana atakayekipinga atakivunja kwenye goti mbele ya watu. Na mwenye kitu muulize kabla hujamsaidia. Huenda unachokiona kichaka yeye amekiacha kwa makusudi, anakingojea. Kazi ya kungoja usiifupishe kwa panga. Mungu akupe mvua kwa wakati wake, na siku utakapokosea, akupe mtu wa kukuambia kwa sauti ndogo kama ile.