Mfinyanzi Aliyeambiwa Huku Shwari

Jina la Mama Vyungu alipewa na wateja kabla hata hajazaa. Ufinyanzi ulikuwa kazi yake tangu usichana, na kijijini kwao hapakuwa na jiko lisilo na chungu chake. Alipoota uvimbe kwenye titi la kushoto, hospitali ya wilaya ilimfanyia upasuaji, kisha ikamwambia mionzi haipatikani ila jijini, mwendo wa mchana kutwa ndani ya basi. Akamwachia mumewe tanuri, akamwachia mke wa mwanawe udongo, akaondoka na furushi lake.

Hosteli ya wagonjwa ilikuwa nyuma ya hospitali. Chumba cha vitanda vinne, sakafu inayonuka dawa, dirisha linalotazama ukuta. Kila asubuhi alikwenda kulala chini ya mashine, akarudi, na siku ikabaki nzima bila kazi. Mikono ilimwasha kwa hamu ya udongo. Bafuni aliifinyafinya sabuni mpaka wenzake wakamtania, "Mama Vyungu, hiyo ni ya kuogea, si ya kuchoma!"

Jioni mumewe alipiga simu.

"Huku shwari, mama watoto. Wewe ugua pole tu."

"Na tanuri?"

"Linawaka vizuri."

"Vyungu je?"

"Vinatoka. Usijipe presha."

Kila aliposikia shwari, alijiona kama mtu aliyetoka kidogo kwenye foleni, kugeuka nyuma nafasi imezibwa.

Asubuhi moja hakwenda kwenye mionzi. Binti wa ustawi wa jamii, yule aliyemtafutia kitanda alipofika, alimkuta getini, furushi kichwani.

"Mama, safari ya wapi?"

"Nyumbani."

"Na matibabu hujamaliza? Kuna mtu amekuudhi?"

"Wala. Kule hawana haja nami tena, mwanangu. Nataka nikaone kwa macho yangu kama bado nina pa kukaa."

Binti hakumhubiria. Alimtua furushi, wakaketi kwenye benchi la mlinzi, akamsikiliza mpaka maneno yakamwisha. Kisha akaomba ruhusa ampigie baba.

"Mpigie. Atakwambia shwari."

Mzee alipopokea na kuelezwa yaliyotokea, alijitetea. "Tuliambiwa mgonjwa asitiwe mawazo."

"Mawazo anayo tayari, baba. Mwambie ukweli."

Akamkabidhi mama simu.

"Mke wangu, vyungu vyote vimepasuka. Mkweo anatia kuni kama anachoma takataka. Mimi na yeye hatusemezani. Na kile kitanda chetu kimenishinda, nalala kwenye kiti."

Mama Vyungu alijiziba mdomo. Kicheko na kilio vilimtoka kwa mpigo.

"Udongo mmeuchanganya na mchanga?"

"Mchanga gani tena?"

"Maskini mimi! Hebu niitie huyo mtoto!"

Alipomaliza kufoka na kuelekeza, alijitwika furushi mwenyewe, akalirudisha chumbani. Binti alikuwa ameshawaomba watu wa mionzi wampokee mchana.

Hamu ya nyumbani haikupungua. Ilizidi kumuuma, maana sasa kila jioni aliletewa habari kamili: nani kagombana na nani, paa linavuja wapi. Ngozi ya kifuani iliungua, ikawa nyeusi, lakini hakukosa tena siku hata moja.

Alipomaliza, mumewe alimpokea kituoni, vifungo vya shati vimepishana. Wakatazamana kama wachumba.

"Umekonda."

"Kwani wewe umenenepa?"

Mkono wa kushoto wa Mama Vyungu haupandi tena juu ya bega. Vyungu vikubwa anafinyanga mkwewe, yeye anafanya vidogo na kukemea vikubwa. Tarehe ya kwenda kupimwa tena inakaribia. Mzee amekwisha kusema: safari hii wanakwenda wote wawili, na tanuri lipoe.